Ziara za shule London: darasa linapotoka nje

Siku za masomo, abiria wa treni za chini ya ardhi mjini London hukutana mara kwa mara na msururu wa watoto waliovaa vizibao vya rangi ya kung'aa, wameshikana mikono wawili wawili, mwalimu mbele na mwalimu nyuma. Hao ni wanafunzi wa shule za msingi walio katika ziara ya masomo. Wengine wanaelekea makumbusho, wengine shambani, wengine msikitini au hekaluni.

Kwa wazazi waliotoka Afrika Mashariki, safari hizo huanza na karatasi ndogo ndani ya mkoba wa mtoto, au siku hizi ujumbe katika simu. Ujumbe huo hutaja tarehe, mahali, chakula cha kubeba na fedha zinazoombwa. Hapo ndipo maswali huanza. Je, ni lazima kulipa? Je, mtoto wa Kiislamu aingie hekaluni? Je, ni salama mtoto wa miaka kumi kulala mbali na nyumbani? Wapo wazazi ambao, kwa kukosa majibu na kwa kuona haya kuuliza, huiacha karatasi hiyo bila kuitia saini, na mtoto wao akabaki shuleni siku ambayo wenzake wanatoka.

Makala haya yanaeleza jinsi ziara hizo zinavyoendeshwa, sheria inasema nini, na kwa nini mtoto anayebaki nyuma hukosa zaidi ya matembezi.

Lugha nyingi, chumba kimoja

Shule za msingi za England huchukua watoto wa kuanzia miaka minne au mitano hadi miaka kumi na mmoja. Baada ya darasa la awali hufuata miaka sita ya masomo. Kwa watoto wadogo, yaani wa darasa la awali, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, sheria iliyopitishwa mwaka 1998 iliweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja.

Katika mitaa kama Newham, Brent au Tower Hamlets, si ajabu watoto hao 30 wakawa wanatoka katika nyumba zinazozungumza lugha kumi au zaidi. Katika England nzima, zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya kila watano wa shule za msingi hurekodiwa kuwa lugha yake ya kwanza si Kiingereza. Miongoni mwao wamo watoto wa Kitanzania na Kikenya, watoto wa Kikongo ambao wazazi wao walitoka Kivu, Warundi, na Wabarawa wa Somalia ambao Chimwini chao ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Baadhi wamezaliwa London. Wengine wamefika juzi juzi na bado wanatafuta maneno.

Darasa la namna hii humpa mwalimu kazi ya pekee. Hawezi kudhani kuwa neno moja litaamsha picha moja katika vichwa vya watoto wote. Akitaja ngome ya kale, mmoja atakumbuka Ngome ya Yesu ya Mombasa na mwingine hatakuwa na cha kukumbuka. Akifundisha milima ya moto, mtoto aliyekulia Goma huenda amekwisha kuuona mwanga wa Nyiragongo usiku, ilhali jirani yake kwenye meza ameuona mlima wa namna hiyo kitabuni tu. Ziara ya masomo huwapa wote jambo moja waliloliona pamoja, siku moja, kwa macho yao. Kuanzia hapo mwalimu ana pa kuanzia na kila mtoto.

Ngazi 311 za Monument

Mfano mzuri ni somo la Moto Mkuu wa London, ambalo shule nyingi huwafundisha watoto wa miaka sita au saba. Moto huo ulizuka tarehe 2 Septemba mwaka 1666 katika tanuri la mwoka mikate, kwenye kichochoro kiitwacho Pudding Lane, ukateketeza sehemu kubwa ya mji uliokuwa umejengwa kwa mbao.

Karibu na hapo umesimama mnara wa mawe uitwao Monument, uliokamilishwa mwaka 1677. Urefu wake, kama mita 62, umefanywa kuwa sawa na umbali uliopo kati ya mnara wenyewe na mahali moto ulipoanzia. Ndani yake mna ngazi 311 zinazopanda kwa kuzunguka.

Kwa mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga, maelezo ya moto huo yakisomwa darasani yanaweza kupita kama upepo. Lakini akisimama chini ya mnara, akauangalia mpaka shingo ikachoka, kisha akatembea hatua kwa hatua hadi Pudding Lane, amepata historia na hesabu kwa pamoja. Maneno kama ngazi, moshi, mwoka mikate na kichochoro hayawi tena sauti ngeni. Yana mahali pake.

Ziara yenyewe ni sehemu ya katikati tu ya somo. Siku kadhaa kabla ya kuondoka, mwalimu huonyesha picha na kufundisha maneno yatakayohitajika. Huko waendako watoto hupewa kazi: kuchora, kuhesabu, kutafuta kitu fulani na kukieleza. Wakirudi huandika, hupima na hujenga. Zipo shule ambazo watoto hutengeneza vijumba vya maboksi, wakavipanga kama mitaa ya mwaka 1666, kisha watu wazima wakaviwasha moto uwanjani chini ya uangalizi, ili waone jinsi ulivyoruka kutoka paa hadi paa. Mtoto aliyebaki nyuma siku ya ziara huingia katika kazi za wiki nzima akiwa hana alichokiona.

Makumbusho yasiyo na kiingilio

London ina bahati ya kuwa na makumbusho makubwa yasiyotoza kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. Makumbusho ya taifa yaliyokuwa yakitoza yaliondoa ada hiyo kwa watoto mwaka 1999, na kwa watu wote mwezi Desemba mwaka 2001. Aidha, shule za London zinaweza kuomba usafiri wa bure wa basi na treni kwa ziara za masomo nje ya saa za msongamano. Ndiyo maana misururu ya watoto huonekana zaidi baada ya saa tatu na nusu asubuhi.

Panapopendwa zaidi na watoto ni Makumbusho ya Historia ya Viumbe, yaliyofunguliwa South Kensington mwaka 1881. Tangu mwaka 2017 wageni hupokewa na mifupa ya nyangumi wa buluu mwenye urefu wa mita 25, aliyening'inizwa darini kana kwamba anapiga mbizi. Watoto hukimbilia mifupa ya dinosaria.

Wachache wanaofahamu kwamba sehemu ya historia ya dinosaria inatoka Lindi, kusini mwa Tanzania. Katika kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa mingi kati ya mwaka 1909 na 1913, na kiunzi kirefu kuliko vyote kilichotoka huko kimesimama katika makumbusho ya Berlin. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, makumbusho haya ya London nayo yalituma msafara wake Tendaguru, uliochimba kuanzia mwaka 1924 hadi 1931. Katika mwaka wa kwanza wa msafara huo alikuwamo kijana Louis Leakey, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa uchunguzi wa chimbuko la binadamu. Mifupa iliyochukuliwa na Waingereza ilipelekwa London.

Katika British Museum, mtoto wa Afrika Mashariki anaweza kukutana na kilicho karibu zaidi na kwao. Humo mna jiwe la kukatia lililopatikana Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, ambalo umri wake ni takriban miaka milioni 1.8. Ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyotengenezwa kwa mikono katika makumbusho hayo. Mwaka 2010 makumbusho hayo na BBC walipochagua vitu 100 vya kusimulia historia ya dunia, jiwe la Olduvai lilikuwa la pili katika orodha. Nambari 60 ilikuwa vigae vya vyungu vilivyookotwa Kilwa, vikiwa ushahidi wa biashara kati ya pwani ya Waswahili, Uarabuni na China.

Mwalimu anayejua kuwa darasani mwake yumo mtoto wa Kitanzania au wa Kikenya anaweza kumwomba aeleze kwao ni wapi. Dakika chache hizo humbadilishia mtoto nafasi yake. Yule aliyezoea kuwa wa kusaidiwa maneno huwa ndiye mwenye jambo la kuwaeleza wenzake. Lakini mwalimu hawezi kujua hayo yote peke yake. Mara nyingi ni mzazi anayepaswa kumwambia.

Msikiti, hekalu, sinagogi

Elimu ya dini katika shule za kawaida za England si mafundisho ya kumwingiza mtoto katika dini fulani. Mtoto hujifunza dini mbalimbali zinaamini nini na waumini wake wanaishi vipi. Kwa sababu hiyo shule huwapeleka watoto kutazama nyumba za ibada.

London ina nyingi za kutembelea. Msikiti Mkuu wa Regent's Park, wenye kuba la rangi ya dhahabu, ulikamilishwa mwaka 1977. Sinagogi la Bevis Marks limekuwa likitumika tangu mwaka 1701. Hekalu la Kihindu la Neasden lilifunguliwa mwaka 1995. Lilijengwa kwa mawe ya chokaa ya Bulgaria na marumaru ya Italia, yakasafirishwa hadi India kuchongwa, kisha yakaletwa London kuunganishwa. Huko Southall, katika hekalu la Masingasinga lililofunguliwa mwaka 2003, mgeni yeyote hukaribishwa kula chakula kisicho na nyama bila malipo.

Watoto huelekezwa mapema adabu za kila mahali: kuvua viatu, kufunika kichwa, kukaa kimya. Kwa watoto wengi wenye asili ya Afrika Mashariki adabu hizo si ngeni, na mara nyingine wao ndio huwaonyesha wenzao. Zaidi ya hayo, miongoni mwa Wahindi wa London wapo wazee waliozaliwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, waliohamia Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970, wakiwamo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Baadhi yao Kiswahili hakijawatoka.

Hata hivyo, hizi ndizo ziara zinazowatia wazazi wasiwasi zaidi. Muislamu huogopa mwanawe asije akapiga magoti mbele ya sanamu. Mlokole naye husita mwanawe kuingia msikitini. Jambo la kufahamu ni kwamba watoto huenda kutazama na kuuliza, wala hawatakiwi kuabudu. Mzazi mwenye shaka anaweza kuuliza kabla ya siku yenyewe: watoto watafanya nini, watapewa chakula gani, je, kuna tambiko lolote watakaloshirikishwa?

Sheria inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto katika elimu ya dini na katika ibada ya pamoja ya shule, bila kulazimika kutoa sababu. Ni haki yake. Ila afahamu pia kuwa haki hiyo haienei kwenye masomo mengine kama historia, jiografia au mazoezi ya viungo.

Bwawa la kuogelea na shamba la mjini

Mtaala wa taifa wa England unataka kila mtoto, kabla hajamaliza shule ya msingi, aweze kuogelea angalau mita 25 na ajue kujiokoa majini. Kwa kuwa shule nyingi hazina bwawa, watoto hutembea au hupanda basi kila wiki kwa muhula mmoja au zaidi kwenda katika bwawa la mtaa.

Hapa napo panahitaji mazungumzo. Shule nyingi hukubali mavazi ya kuogelea yanayofunika mikono na miguu, mradi yawe ya kitambaa cha kuogelea na ya kubana kiasi cha kutomlemea mtoto majini. Mzazi anayetaka hivyo kwa binti yake hana haja ya kumzuia asiende. Amweleze mwalimu mapema. Wazazi waliokulia kando ya bahari au Ziwa Victoria wanajua maji yanavyoua, na somo hili ni la kuokoa maisha kabla ya kuwa la michezo.

Ziara nyingine ipendwayo ni ya mashamba ya mjini. La kwanza nchini lilianzishwa Kentish Town mwaka 1972, na baadaye yakafuata mengine, likiwamo la Mudchute, si mbali na majengo marefu ya mabenki ya Canary Wharf. Humo mtoto aliyezaliwa ghorofani huona kwa mara ya kwanza nguruwe, kondoo na kuku wa kienyeji. Mtoto ambaye bibi yake anafuga mbuzi Dodoma au Machakos huwa hana hofu wenzake wanaporudi nyuma. Baadhi ya shule pia huwa na siku za msituni, ambapo watoto hujenga vibanda vya matawi na kutafuta wadudu, hata mvua ikinyesha. Kwa siku kama hizo karatasi hutaja koti la mvua na mabuti ya mpira. Asiyekuwa nayo aiarifu shule, kwani nyingi huwa na ya kuazima.

Nani hulipa?

Hili ndilo jambo linalowanyima watoto ziara kuliko yote, na ndilo ambalo sheria imelieleza waziwazi.

Wazazi wengi wamekulia katika shule ambazo safari ya Bagamoyo, Fort Jesus au mbuga ya wanyama ya Nairobi ilikuwa na nauli yake, na asiyelipa alibaki. Wanapoona kiasi cha pauni kimeandikwa kwenye karatasi ya shule ya London, hudhani utaratibu ni ule ule. Sivyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, shule inayoendeshwa kwa fedha za serikali nchini England haiwezi kumtoza mzazi kwa elimu inayotolewa ndani ya saa za masomo, na ziara ya masomo ni sehemu ya elimu hiyo. Shule inaruhusiwa kuomba mchango wa hiari. Hiari maana yake ni hiari: mtoto hawezi kuachwa nyuma kwa sababu mzazi wake hakuweza kutoa au hakupenda kutoa. Michango isipotosha, shule inaweza kuifuta ziara kwa darasa zima, lakini haiwezi kuchagua nani aende na nani abaki kwa kuangalia nani ametoa.

Hii si sababu ya mwenye uwezo kukaa kimya, kwani ziara nyingi hutegemea michango hiyo. Ni sababu ya asiye na uwezo kutomficha mtoto nyumbani siku ya ziara akisingizia homa. Inatosha kumwambia mwalimu au ofisi ya shule kwamba safari hii familia haiwezi. Mazungumzo hayo huwa ya siri.

Shule pia hupokea fedha za ziada kutoka serikalini, tangu mwaka 2011, kwa ajili ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, na zinaweza kutumika kugharimia ziara. Kuhusu chakula, watoto wa darasa la awali hadi mwaka wa pili katika England nzima wamekuwa wakipata chakula cha mchana bila malipo tangu mwaka 2014, na tangu mwaka 2023 mpango wa Meya wa London umewafikia watoto wote wa shule za msingi za serikali mjini humo. Siku ya ziara shule inaweza kuwaandalia chakula cha kubeba. Mzazi anayetaka cha halali au kisicho na nyama aandike hivyo kwenye fomu.

Usalama barabarani na njiani

Mzazi kumkabidhi mtoto kwa watu wengine katika mji wa mamilioni ya watu si jambo dogo. Kabla ya kila ziara shule hutakiwa kupima hatari zinazoweza kutokea na kupanga jinsi ya kuziepuka: njia ya kupita, mahali pa kuvukia barabara, vyoo, mahali pa kukutania endapo mtoto atapotea. Dawa za watoto wenye pumu au mzio huchukuliwa, pamoja na namba za simu za wazazi. Watoto huhesabiwa kila wanapopanda na kushuka. Kwa kawaida vizibao huandikwa jina la shule, si jina la mtoto, ili mtu baki asiweze kumwita kwa jina lake.

Mwongozo wa serikali wa mwaka 1998 ulipendekeza mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu, na mmoja kwa watoto kumi hadi kumi na watano katika miaka inayofuata. Siku hizi shule hujipangia yenyewe kulingana na umri wa watoto, mahali na shughuli.

Ndiyo maana shule huomba wazazi wa kujitolea. Anayesaidia mara moja moja, akiwa chini ya uangalizi wa mwalimu, kwa kawaida hahitaji kuchunguzwa rekodi za jinai kama mfanyakazi, ingawa kila shule ina utaratibu wake. Kiingereza cha kubabaisha si kikwazo. Kazi kubwa ni kushika mikono, kuhesabu vichwa na kuwa macho.

Kulala mbali na nyumbani

Karibu na mwisho wa shule ya msingi, hasa katika mwaka wa tano au wa sita, madarasa mengi huenda kambini kwa siku mbili hadi tano. Watoto hupanda kuta za mazoezi, huendesha mitumbwi, hutembea porini usiku na hujifunza kutandika vitanda vyao. Kwa wengi ni mara ya kwanza kulala bila mzazi.

Kwa familia ambazo mtoto hulala nje kwa shangazi au kwa bibi tu, wazo hilo huwa zito. Maswali ya kuuliza ni ya haki kabisa: wavulana na wasichana wanalala wapi, nani yuko karibu usiku, chakula ni cha halali, je, mtoto anayekojoa kitandani atasaidiwaje bila kuaibishwa, na ikiwa ni mwezi wa Ramadhani itakuwaje. Walimu wenye uzoefu wameyasikia yote. Shule nyingi huitisha mkutano wa wazazi kabla ya safari kwa ajili hiyo hiyo.

Usimamizi wa kambi za michezo ya porini na majini uliimarishwa baada ya msiba. Mwezi Machi mwaka 1993 wanafunzi wanne walikufa maji katika Ghuba ya Lyme, kusini mwa England, walipokuwa katika safari ya mitumbwi iliyoandaliwa na kituo cha michezo. Mkurugenzi wa kampuni iliyomiliki kituo hicho alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria ya usalama wa vijana katika vituo hivyo, na mfumo wa leseni ukaanzishwa. Mzazi ana haki ya kuuliza kama kituo anakopelekwa mwanawe kimekaguliwa.

Gharama za kambi ni kubwa, mara nyingine zaidi ya pauni 200. Hapa sheria inaruhusu shule kutoza malazi na chakula. Lakini safari ikiwa ndani ya saa za masomo, wazazi wanaopokea aina fulani za misaada ya serikali husamehewa gharama hizo, na wengine huruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Wenye kubanwa zaidi ni wale ambao viza zao haziwaruhusu kupokea misaada. Hao nao wasikate tamaa kabla ya kuonana na mwalimu mkuu, kwani baadhi ya shule hutenga fungu kwa ajili ya hali kama hizo.

Ziara zinazokuja shuleni

Si kila shughuli huhitaji basi. Mwezi Oktoba shule nyingi huadhimisha Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, ulioanza Uingereza mwaka 1987 kwa juhudi za Akyaaba Addai-Sebo, aliyetoka Ghana. Zipo pia Diwali, Idi, maigizo ya Krismasi, na jioni za vyakula vya mataifa ambapo meza hujaa sambusa, maandazi na pilau. Anayepika aulizie kwanza kuhusu karanga, kwa sababu ya watoto wenye mzio.

Katika siku hizo mzazi anaweza kuwa somo. Mama anayeingia darasani na kanga mbili tatu, akaeleza kwamba kila moja ina jina lake na kwamba kwa jina hilo mtu huweza kumfikishia mwenzake ujumbe bila kufungua mdomo, atawaacha watoto wakibuni majina ya kanga zao wenyewe. Baba anayeleta bao na kete zake atakuwa amefundisha kuhesabu, kukumbuka na kufikiri mbele, katika mchezo ambao hauhitaji Kiingereza kingi.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, akague mkoba wa mtoto na ujumbe wa shule kila siku, kwani fomu zina tarehe ya mwisho. Kwa ziara nyingi za mchana sheria hailazimishi saini kwa kila safari, na shule nyingine huomba idhini moja tangu mtoto anapoandikishwa. Lakini kwa kambi za kulala na shughuli za hatari saini ni lazima, na fomu inayobaki mkobani humwacha mtoto nje ya orodha.

Pili, asipoelewa aulize, hata kwa kumtuma jamaa au jirani amtafsirie. Haifai kumtegemea mtoto mwenyewe atafsiri barua inayohusu fedha au usalama wake.

Tatu, amweleze mwalimu mambo ambayo fomu haikuuliza: mtoto anaogopa mbwa, amefika nchini miezi mitatu iliyopita, hajawahi kupanda treni ya chini ya ardhi, au babu yake ni mwenyeji wa Kilwa.

Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota. Watoto hawa hawatembei bure: kila ziara ina somo lake. Na kwa mtoto ambaye bado anaitafuta lugha ya nchi aliyomo, siku moja ya kutoka na wenzake huweza kumpa maneno, marafiki na jambo la kusimulia jioni akirudi nyumbani, kwa lugha yoyote anayoizungumza na mama yake.